Mji wa Makanisa Mia

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Nyanga, Bukoba. Nilipotoa ushuhuda huu kwenye jumuiya yetu, wazee waliokuwapo walitaka niuandike, kwa sababu nyumba zenye swali kama la kwetu ni nyingi hapa Kagera kuliko zinazokiri. Jamaa zangu, walio hai na waliotangulia, sitawataja majina. Hawakuomba kutangazwa.

Kwetu Buhaya mtu huulizwa ukoo kabla hajakaa sawasawa kwenye mkeka. Ukishataja ukoo na mwiko wenu, mwenyeji anajua kama wewe ni shemeji yake, mjomba wake au mtu wa kutaniwa tu. Ukoo unatoka kwa baba, na baba yangu hakuwa nao. Alizaliwa mwaka 1946, mweupe, nywele za singa, na mama yake alikuwa mwanamke aliyerudi kutoka Nairobi peke yake.

Bibi yangu alitoka Muleba, upande wa Muhutwe. Aliolewa angali msichana, akaachwa kwa kuchelewa kupata mtoto, na mume akadai mahari yake irudishwe. Wazazi hawakuwa nayo. Bibi akapanda meli Bukoba hadi Kisumu, akashika gari moshi mpaka Nairobi, akapanga chumba Pumwani. Wanawake wengi wa Kihaya walipita njia hiyo miaka ya 1930 na 1940, hadi wanaume wa Bukoba kupitia vyama vyao wakaiomba serikali ya kikoloni iwazuie kusafiri. Huko Pumwani waliitwa Waziba, na watu walikuwa na jina moja tu kwa kazi yao. Bibi hakulikataa jina hilo wala hakulikubali. Alipoulizwa alijibu, "Nilikwenda kutafuta kibanja."

Na kibanja alikipata. Alirudisha mahari, akanunua shamba hapa Nyanga kwa pesa yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, akapanda migomba na mibuni. Wanawake wachache wa umri wake waliweza kusimama juu ya ardhi wakasema hii ni yangu. Yeye aliweza, huku amebeba mtoto mweupe mgongoni.

Baba wa mtoto huyo alikuwa mateka wa vita. Mwezi Mei 1941 jeshi la Italia chini ya Duki wa Aosta lilisalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, na ilipofika Novemba Gondar nayo ilikuwa imeanguka. Makumi ya maelfu ya wanajeshi wa Kiitaliano walishushwa Kenya, wakawekwa kambini Nanyuki, Gilgil, Naivasha na Londiani. Barabara inayoteremka Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu waliichonga wao, na kile kikanisa kidogo kando yake, ambacho abiria wa mabasi hukiona hadi leo, walikijenga wao mwaka 1942. Italia ilipobadili upande Septemba 1943, mateka waliokubali kushirikiana na Waingereza waliruhusiwa kutoka kambini kwenda kufanya kazi. Babu alikuwa fundi mwashi, akaletwa Nairobi. Walivyokutana na bibi, hayo bibi alijiwekea mwenyewe.

Alitusimulia machache. Jina la babu, maneno mawili, ambayo alituimbisha kama sala. Kwamba kwao ni milimani, kuna theluji na kondoo. Na kwamba alitoka mji wenye makanisa mia. Sisi wajukuu tulicheka. Mji gani duniani una makanisa mia? Tuliuweka pamoja na hadithi za sungura na fisi.

Kuishi bila ukoo si jambo la kuonewa haya tu, lina gharama. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa, watu walijaa hofu ya wapelelezi. Baba alikuwa fundi wa magari. Alisimamishwa barabarani, akaulizwa ni mtu wa nani, na jibu lake halikuridhisha. Alilala chini ya ulinzi, bila shati, hadi katekista wetu alipofika asubuhi na kuapa kwamba huyu ni mtoto wa Nyanga. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwona akirudi, na hakusema neno siku nzima.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, hapo Muleba, lakini vijijini tulikuwa tukiuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichovushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Mama alikwenda mwaka 1987. Baba akamfuata 1989. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, nina wadogo zangu wa kusomesha na bibi aliyeanza kupungukiwa na macho. Mshahara ulikuwa unakwisha kabla ya kufika nyumbani. Tuliishi kwa ndizi za kibanja kile.

Hapo ndipo wapwa wa bibi walipokuja kukidai. Hoja yao ilikuwa nyepesi: dada wa baba yao hana mtoto wa kiume aliye hai, na hawa wajukuu si wa ukoo wowote. Mmoja wao alisimama uani akasema kwa sauti ili majirani wasikie, "Nendeni Ulaya kwa babu yenu."

Mungu ana njia zake. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitoa hukumu katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Holaria, mama wa Kihaya, alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na mpwa wake akapinga kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana haki ya kuuza. Shauri lilianzia mahakama ya mwanzo ya Kashasha, Muleba, wilaya ya nyumbani kwa bibi yangu. Jaji alisema mwanamke ana haki sawa na mwanaume juu ya ardhi hiyo. Sisi shamba letu lilikuwa la kununuliwa, si la ukoo, kwa hiyo hukumu ile haikutuhusu moja kwa moja. Lakini bibi aliposomewa habari yake alisimama kitini, akaomba fimbo, akaenda mwenyewe mbele ya wazee. Aliwataja mashahidi wa mwaka alionunua, walio hai na waliokufa, hata mipaka na bei. Kibanja kikabaki. Alifariki mwaka 1994, tukamzika kwenye migomba yake, ubavuni mwa mwanawe.

Kibanja kilibaki, ila tusi lile halikuwa na mahakama ya rufaa. Nililibeba nikiwa darasani, nikiwa kwenye kwaya, nikiwa kwenye harusi za watu mahali ambapo koo zinaitwa moja baada ya nyingine na mimi natazama chini. Nilisali niondolewe uchungu. Haukuondoka. Niliendelea kufundisha, na wadogo zangu wakasoma.

Tarehe 24 Agosti 2016 redio ilitangaza tetemeko katikati ya Italia. Lilipiga saa tisa na dakika 36 usiku, watu 299 wakafa, na mji ulioumia zaidi ulikuwa unaitwa Amatrice. Niliacha kupepeta maharage. Ule mji wa babu, bibi alikuwa akiuita Amatirichi. Jumapili baada ya misa nikamwuliza padri mmoja aliyewahi kusoma Roma kama anaufahamu mji huo. Akasema ndiyo, uko milimani, njia ya Salaria, na kwa sifa zake Waitaliano huuita mji wa makanisa mia.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa. Kwa zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nimeishikilia anwani nikidhani ni hadithi.

Nikaanza kuwaombea watu wa huko. Tarehe 10 Septemba, alasiri ya Jumamosi, ardhi ikatetemeka hapa kwetu. Wenzangu wa Bukoba wanakumbuka: nguvu yake 5.9, watu 17 wakapoteza maisha, shule za Ihungo na Nyakato zikabomoka, nyumba kwa mamia zikalala chini. Nyumba aliyojenga bibi ilipasuka kutoka msingi hadi kenchi, tukalala kwenye migomba chini ya maturubai. Jamaa zangu nisiowajua na mimi tulikuwa wakimbizi kwenye viwanja vyetu wenyewe, ndani ya mwezi mmoja, bila kujuana.

Kuwatafuta kulichukua miaka. Padri kijana wa jimbo letu alikwenda Roma masomoni, nikampa lile jina la maneno mawili na picha ya baba. Parokia ya kule kanisa lake lilikuwa kifusi, lakini vitongoji vya Amatrice ni vingi na kila kimoja kina majina yake ya ukoo, hivyo watu walimwelekeza. Jibu la kwanza lilikuwa baridi: ndiyo, mzee wa jina hilo alikuwapo, alifungwa Kenya, alifariki zamani, na familia ingependa kuachwa kwa amani. Nikaiacha kwa amani. Baada ya korona, binti mmoja wa familia ile akaniandikia kwenye simu. Alikuwa ameiona picha ya baba. Akaandika, kwa Kiingereza chepesi kama changu, kwamba ameshindwa kulala.

Mwaka 2025 ulikuwa wa Jubilei. Nilijiunga na hija kwa pesa ya kiinua mgongo, kahawa na vanila. Tulipobadilisha ndege Addis Ababa, uwanja wa Bole, nilifikiri jinsi babu alivyoiacha nchi ile akiwa chini ya bunduki, na mjukuu wake anapita na rozari na chupa ya maji. Roma tulipita Milango Mitakatifu. Tulifika San Francesco a Ripa, kanisa alilokabidhiwa Kardinali wetu Laurean Rugambwa alipoteuliwa mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, tukapiga picha zetu pale kwa fujo ya Kihaya. Kisha wenzangu wakaenda Assisi, na mimi na yule padri kijana tukapanda basi la Salaria.

Amatrice, miaka tisa baada ya tetemeko, bado ilikuwa winchi na uzio. Mnara wa mjini umesimama. Mtaa uliouzunguka ulikwisha. Jamaa zangu walikuwa wakiishi kwenye vijumba vya dharura vilivyopangwa mistari, kila kimoja na vyungu vya maua mlangoni. Shangazi, binti wa kwanza wa babu, alikuwa na miaka sabini na mitano. Alisimama nje amevaa aproni. Nilipiga goti kumsalimu kama inavyonipasa kwa dada wa baba yangu, naye akadhani nimeanguka, akapiga kelele. Tulianza kwa kicheko, namshukuru Mungu.

Ndani kulikuwa na watu kumi na zaidi na kimya kingi. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, hakukaa. Aliuliza kupitia kwa padri nimekuja kutaka nini. Padri aliona haya kutafsiri, lakini swali nililielewa. Serikali yao inajenga upya nyumba kwa wenye hati, na mrithi anayetokea ghafla anaweza kuyafunga makaratasi ya familia nzima. Nikamsimulia habari ya wapwa wa bibi: kwetu niliambiwa niende Ulaya, na leo nimefika Ulaya naogopewa kwamba nimefuata kiwanja. "Mimi nina kibanja," nikasema. "Nimekuja kusalimia." Alinitazama, kisha akacheka hadi akavuta kiti.

Nikafungua mkoba. Mgeni wa Kihaya haendi mikono mitupu, na mwenyeji wa Kihaya humpokea mgeni kwa kahawa ya kutafuna: buni changa zilizochemshwa na viungo na kukaushwa. Nikazimimina kwenye kikapu kidogo, nikachukua mbili, nikatafuna kuwaonyesha. Shangazi akashika mdomo. Baba yake, alisema, alitembea na buni za kahawa mfukoni maisha yake yote, akizitafuna nyuma ya kondoo. Mke wake aliona ni uchafu. Watoto waliona ni ukichaa wa vita. Hakuna aliyejua alijifunza wapi, kwa sababu mtu akitaja Afrika alikuwa akivaa kofia na kutoka.

Baada ya hapo maswali yalinijia mimi. Nilisafiri nimejaza daftari maswali yangu, na hayakufunguliwa hadi jioni. Wao walikuwa na babu mzima, kuanzia kuzaliwa mwaka 1917 hadi kufa, isipokuwa miaka ya kifungo, ambayo kwao ilikuwa shimo. Sisi Nyanga hatukuwa na kitu kingine ila miaka hiyo. Alikaa wapi? Alikula nini? Alikuwa akicheka? Nikawaambia alichoniambia bibi: kwamba aliimba vibaya, aliogopa fisi, alimfundisha kupika unga wa ngano, na kwamba alijenga jiko la matofali kwenye ua wa Pumwani ambalo wapangaji waligombania.

Kisha shangazi akauliza, akinitazama mimi na si padri, "Alijua?"

Padri alisita kabla ya kutafsiri. Binamu aliinamisha kichwa. Ningeweza kusema sijui, na wote wangepumua. Lakini bibi alinihesabia neno kwa neno: alimwambia mimba ilipokuwa ya miezi mitatu, babu akalia, akaahidi kurudi. Mateka wakapelekwa Mombasa, meli ikaondoka mwaka 1946, barua haikuja.

"Alijua," nikasema.

Shangazi alilia sana. Sikumtetea babu na sikumhukumu. Nimeona wanaume wa hapa kwetu wasio na vita wala bahari wakifanya lile lile. Alipotulia alijipangusa kwa aproni akaniuliza baba yangu alizaliwa mwezi gani, mwaka gani, kisha akamgeukia mdogo wake wa kiume. Maisha yake yote alikuwa kifungua mimba wa babu, alisema, akabeba mizigo yote ya kifungua mimba, na leo anaambiwa alikuwa na kaka mkubwa! Chumba kikaangua kicheko. Kwa hesabu ya kwetu mambo yalikuwa yamenyooka: mimi ni mtoto wa kaka yao, yeye ni shangazi yangu, na yule mdogo wake ni baba yangu mdogo.

Kesho yake walinipeleka makaburini. Kule huweka picha ya marehemu juu ya jiwe. Nilimwona baba yangu amevaa kofia ya mchungaji. Baba mdogo alitoa picha ile niliyoituma, ameitilia fremu, akaiweka chini ya ya babu. Tulisali rozari kila mtu kwa lugha yake.

Sikurudi na urithi wala pasipoti. Na mwiko wa ukoo bado sina. Nikiulizwa, nasema watu wangu wanatoka mlimani kwenye kondoo, wazee wanacheka. Uchungu nilioomba uondolewe umeondoka kwa njia ambayo sikuiomba: nilipata watu wanaonidai.

Januari iliyofuata baba mdogo alifariki. Binti yake alinipigia usiku ule ule, kabla ya kuwapigia wengine wa Roma, akauliza kwenu hufanywa nini. Nikamwambia kwetu watu hukaa. Asubuhi nikatangaza msiba Nyanga. Jumuiya ikaja, majani yakatandikwa, chungu kikawekwa motoni, na daftari la rambirambi likafunguliwa kwa marehemu aliyekuwa Italia. Siku ya pili waliingia wazee wawili kutoka Muhutwe. Mmoja ni yule aliyesimama uani miaka ile. Amezeeka, aliniita "waitu", yaani wa kwetu, akanipa pole ya kufiwa na baba, akaandikisha shilingi elfu kumi.

Padri alizipeleka rambirambi Amatrice, na shangazi aliuliza mara mbili kama ni kweli zinatoka Afrika kwenda kwao. Ndugu msomaji, kama kwenu kuna jina linalotajwa kwa sauti ya chini, muulizeni mzee angali anasikia, na aliyosema msiyaite hadithi. Mkiwapata watu wenu, nendeni kusalimia kwanza. Mimi daftari langu ninalo, majina yote na kiasi cha kila mmoja, hata la mzee wa Muhutwe. Kwao kukitokea jambo, nitakwenda kukaa, na nitaandikisha zaidi ya elfu kumi.